Mkwe Aliyeandikwa Hakufika

Jina la mzee lilikuwa kwenye mstari wa ishirini na saba. Sekela aliliona kabla hajamaliza kusoma mstari wa tatu, maana jicho lilimtangulia likaenda kutua hukohuko alikokuwa anaogopa.

Alikuwa ameketi Kihesa, mjini Iringa, katika chumba cha mbele cha nyumba ambayo Dokta Devota Kalinga aliipanga kuwa ofisi ya utafiti. Mbele yake kulikuwa na orodha ya wateja arobaini wa Uyole, Mbeya, ambao yeye Sekela angesafiri kwenda kuwahoji juma hilo. Kompyuta ndiyo iliyowachagua, bila kumjua mtu wala kumwonea. Kila mstari ulikuwa na majina matatu, namba ya akaunti iliyofungwa, na safu ya mwisho ya maelezo. Kwenye mstari wa ishirini na saba safu hiyo ilikuwa na neno moja tu: HAKUFIKA.

Neno hilo aliliandika Sekela mwenyewe, miaka saba iliyopita, akiwa karani wa benki. Na lilikuwa uongo.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Miaka mingi nyuma mabenki makubwa ya ng'ambo yalikopesha watu ovyo, yakaanguka, yakaiangusha nusu ya dunia pamoja nayo. Wakubwa wakakutana, wakatunga kanuni: benki iwe na mtaji wa kutosha, benki imjue mteja wake ni nani na fedha zake zinatoka wapi. Kanuni nzuri tu, sina ugomvi nazo. Ila kanuni ikitoka huko juu inashuka ngazi kwa ngazi, na kila ngazi inaongeza la kwake ili isionekane imelala, hivyo ilipofika Mbeya ilikuwa nzito kuliko ilivyoondoka. Sasa wakubwa hao walitaka kujua imefanya nini huku chini kwa mkulima na mstaafu. Wakatoa fedha, Dokta Kalinga akapewa kazi, na Dokta akamwajiri Sekela kwa mkataba wa miezi mitatu kwa sababu aliyajua mafaili ya ile benki ndogo ya wananchi iliyokuwa na tawi Mbeya kabla haijamezwa na kubwa zaidi.

Rasimu ya kwanza ya Dokta ilikuwa imeshaandikwa kutokana na mafaili hayo. Ukurasa wa nne ulisema kwamba wateja wengi waliopoteza akaunti walijitoa wenyewe, kwa kutojali. Dokta hakutunga. Alihesabu tu kila penye HAKUFIKA.

Sekela alikunja orodha, akaikunjua, akaenda kugonga mlango wa ndani.

"Dokta, huyu wa ishirini na saba naomba tumbadilishe. Ni mgonjwa."

"Anaumwa nini?" Dokta Kalinga aliuliza bila kuinua kichwa. Alikuwa mwanamke wa Kihehe, mrefu, asiyependa mambo ya kuzungukazunguka.

"Ni mzee sana."

"Uzee si ugonjwa, Sekela. Na wazee ndio ninaowataka. Ukimbadilisha huyu kwa kuwa mzee, kesho utambadilisha mwingine kwa kuwa nyumbani kwake kuna mbwa. Mwisho tutawahoji rafiki zako watupu."

Sekela alicheka kidogo, kicheko cha kuazima, akarudi kwenye kiti. Alikuwa ameongeza uongo mmoja juu ya mwingine, na ule wa kwanza bado ulikuwa palepale unamtazama.

Mzee wa mstari wa ishirini na saba aliitwa Andendekisye. Mimi ninaweza kulitaja jina hilo. Sekela hawezi, maana huyo ni baba yake mkwe.

Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto na baba mkwe hawakukutana uso kwa uso. Mzee akitokea njiani, mkamwana alipita vichakani. Jina la mzee halikutoka kinywani mwake, na hakusema naye neno. Siku hizi mjini wengi wamelegeza, wapo hata wanaokula meza moja na wakwe zao wakitazama taarifa ya habari. Nyumbani kwa mzee huyu, Uyole, hawakulegeza chochote. Miaka kumi na mmoja Sekela alikuwa mke wa Ambokile, amezaa naye binti, Goodness, na hajawahi kumtazama baba yake Ambokile usoni wala kumwambia hata shikamoo. Mgeni anaweza kudhani ni chuki. Ni heshima, tena ya pande mbili. Mzee naye alikuwa akimkwepa. Kila alipokaribia ua alikohoa, kikohozi kifupi cha mara mbili, ili mkamwana apate nafasi ya kuingia jikoni kabla yeye hajatokea. Kwa miaka yote hiyo Sekela alimjua mzee kwa kikohozi hicho, na kwa namna ya kukohoa alijua kama ana furaha, kama amechoka, kama ameleta nyama.

Sasa chukua mwanamke huyo, mweke kwenye dirisha la benki.

Alipoomba kazi pale, katika usaili uliofanyika makao makuu, Iringa, mmoja wa mabosi alimuuliza kwa utani kama huko kwao hakuna mila zitakazomsumbua kazini. Sekela alikuwa na suti mpya na cheti kipya. Alijibu, "Mimi nimesoma. Mila hazinizuii kazi." Wote wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Jibu hilo lilimpa kazi, na jibu hilohilo ndilo lililomfunga mdomo baadaye.

Maana kilipofika kipindi cha uhakiki, benki ya nje iliyokuwa ikiipokelea benki yao fedha za ng'ambo ilituma barua. Ikasema haitaendelea nao mpaka wateja wote wahakikiwe upya kwa siku thelathini. Uongozi ukatunga utaratibu: mteja aje mwenyewe, afisa amtazame usoni alinganishe na picha, asome majina yake matatu kwa sauti, mteja aitikie, wote wawili watie sahihi. Kazi hiyo ilihitaji mtu aliyepewa mafunzo na namba ya siri ya mfumo mpya. Kwa tawi zima la Mbeya mtu huyo alikuwa mmoja, Sekela, aliyepelekwa Iringa siku moja akarudi na cheti kingine.

Ilikuwa Jumatano. Foleni ilitoka nje mpaka kwenye ngazi, watu wamejikunyata ndani ya makoti kwa baridi ya Julai. Sekela aliita, akasoma, akatazama, akatia sahihi. Alikuwa amevua viatu chini ya meza kwa sababu miguu ilimuuma. Kisha akavuta fomu iliyofuata, akaona majina matatu, na kabla akili haijayapokea akasikia mbele ya dirisha kikohozi kifupi, mara mbili.

Hakuinua uso. Mwili wenyewe uliamka. Aliingiza mguu mmoja kwenye kiatu, cha pili hakukipata, akakimbia hivyo, kiatu kimoja na mguu mtupu, akapita nyuma ya viti vya wenzake mpaka stoo ya makaratasi, akafunga mlango. Akakaa juu ya maboksi ya stakabadhi za zamani, anajiambia kwamba mzee hakumwona, kwamba labda alikuwa ametazama pembeni.

Dakika arobaini baadaye mlango uligongwa. Alikuwa Jofrey, mlinzi, ameshika kiatu cha kushoto, chekundu.

"Kuna mzee kaniambia nikuletee," alisema. "Kasema utoke tu uendelee na kazi, yeye ameshaondoka. Kasema foleni ni ndefu, watu watakulaumu."

Hapo ndipo Sekela alipojua kwamba mzee ameona kila kitu. Alikuwa ameona kwamba akiendelea kusimama pale mkamwana hatatoka stoo mchana kutwa, na watu sitini watarudi nyumbani bila kuhudumiwa, na lawama itamwangukia nani. Akaondoka ili yeye apate kutoka. Sekela alivaa kiatu, akarudi dirishani, akaita aliyefuata. Aibu aliyoisikia wakati huo haijawahi kumtoka mwilini.

Bado zilikuwepo siku ishirini na mbili. Angeweza kumwambia meneja, "Yule ni baba mkwe wangu, naomba mtu mwingine akae dirishani nusu saa." Meneja alikuwa mtu wa kuja, angecheka, lakini angekubali. Angeweza kumwambia mumewe. Angeweza kumtuma mama mkwe na ujumbe. Kila asubuhi aliamka akasema leo, na kila asubuhi alikumbuka usaili wa Iringa na suti yake na maneno yake ya kisomi, akaona afadhali kesho. Mama mkwe alipita nje ya benki mara mbili, akachungulia kupitia kioo foleni na aliye dirishani, akamkuta Sekela yuleyule, akaondoka. Sekela alimwona mara zote mbili. Alijifanya anahesabu fomu.

Siku ya thelathini meneja alitaka orodha ifungwe jioni hiyohiyo. Kulikuwa na majina mia moja na kumi na manne ambayo hayakuhakikiwa, na mfumo ulitoa nafasi mbili tu: ALIKATAA au HAKUFIKA. Sekela alianza juu akashuka. Alipofika kwa mkwe wake vidole vilisimama kidogo. Halafu akabonyeza kama alivyobonyeza kwa wengine.

Laiti ingeishia kwenye akaunti. Binti mkubwa wa mzee, Tumpe, alikuwa nesi Botswana, na kwa miaka miwili alikuwa akituma fedha kwa baba yake ili amnunulie kiwanja kilichokuwa mkabala na nyumba yao, apate pa kurudi. Awamu ya mwisho ilikuwa njiani wakati akaunti ilipofungwa. Fedha zilirudishwa, zikakaa benki ya nje miezi mitano zikichunguzwa, na mwenye kiwanja hakungoja. Leo kuna yadi ya malori pale. Ukikaa barazani kwa mzee unaziona trela zinageuza, na mchana kutwa unasikia dizeli.

Familia ilimkalisha mzee chini. Kwa nini hukwenda kuhakikiwa, wakati redio ilitangaza, na kanisani ilitangazwa?

"Nilichelewa," mzee alisema. "Nilisahau tarehe."

Hakuongeza neno. Hata mkewe, aliyekuwa ametumwa kuchungulia kwenye kioo, aliambiwa tu kwamba mzee anaogopa foleni. Na familia ikaamini, kwa kuwa mtu wa miaka sabini akisema amesahau, nani atabisha? Ikaanza taratibu. Kwanza wakaacha kumtuma kununua mbolea. Kisha wakaacha kumuuliza shauri kabla ya kupanda. Kisha Ambokile, ambaye ni mtoto mwema lakini ana ulimi, akachukua ufunguo wa stoo ya viazi akautia mfukoni mwake, akaenda nao Ilomba alikoishi, kwa sababu mzee atasahau kufunga. Kila Krismasi, trela ikipiga honi ng'ambo ya barabara, Ambokile alisema, "Hicho ndicho kiwanja cha dada, sijui kama baba anakikumbuka." Watu walicheka. Sekela alikuwa jikoni anapakua wali, anasikia kupitia ukuta, na mwiko ulikuwa mzito mkononi mwake. Mzee alikuwa msimamizi wa karakana ya reli miaka thelathini. Hakuwahi kusahau hata siku ya kuzaliwa ya mjukuu.

Kwa nini Sekela hakusema? Nimemfikiria sana, na sitamtetea. Mwaka wa kwanza aliogopa kazi. Benki ilipomezwa na kazi ikaisha, aliogopa mumewe. Baadaye aliogopa ule muda wenyewe, miaka yote aliyokaa kimya, ambayo ingehitaji maelezo kuliko kile kiatu.

Alifika kwa mzee Jumamosi asubuhi, ukungu bado haujapanda, ameshahoji watu thelathini na tisa. Mstari wa ishirini na saba aliuacha mpaka mwisho. Alitumaini mumewe atakuwa Ilomba na mtoto. Alipoingia uani alimkuta Ambokile amekunja mikono ya shati, anapima viazi kwenye magunia, ufunguo wa stoo unaning'inia kiunoni.

"Mama Goodness, karibu. Leo umekuja kikazi ama kinyumbani?"

"Kikazi," alisema Sekela. "Nina fomu ya mzee."

Ambokile alicheka mpaka akaweka gunia chini. "Ya benki? Mnamfuata mpaka leo? Haya, tuone."

Mama mkwe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha watu wawili, ndiye aliyepanga mambo. Sekela akae jikoni, kwenye kigoda, mgongo kwenye ukuta. Mzee akae barazani, upande wa pili wa ukuta huohuo. Yeye mama atakaa kwenye kona, anapoonekana na wote wawili, achukue swali alipeleke na jibu alirudishe. Sauti zenyewe zilikuwa zinasikika wazi pande zote mbili, lakini hilo lilikuwa jambo jingine. Neno lilipaswa kupita kwake.

Mzee akakohoa mara mbili. Sekela akafungua fomu juu ya magoti.

"Mama, naomba umuulize mzee, alisikia tangazo la uhakiki?"

"Anauliza, ulisikia tangazo?"

"Mwambie nilisikia."

"Amesikia. Tena lilikuwa kanisani, mimi nilikuwa naye, andika na mimi."

"Alilielewa?"

"Mwambie nililielewa. Lilikuwa Kiswahili."

Wakaenda hivyo, swali kwa swali. Umri, elimu, chanzo cha kipato, nani alimtumia fedha kutoka nje. Mzee alijibu vizuri, kwa ufupi, tarehe za miaka saba nyuma akizitaja bila kusita, na mtu mwenye masikio angeshangaa kidogo kuhusu huyo anayesemwa amesahau. Kisha likafika swali la kumi na moja. Sekela aliliona likija tangu la kwanza.

"Je, alifika benki ndani ya zile siku thelathini?"

"Anauliza, ulifika?"

Upande wa pili wa ukuta kiti kililia kidogo.

"Mwambie hapana. Nilichelewa."

"Andika alisahau," Ambokile alisema kutoka kwenye magunia. "Baba yangu ukimtuma chumvi anarudi na kiberiti."

Sekela alishika kalamu juu ya karatasi. Palikuwa na kisanduku kidogo cha Ndiyo na kisanduku kidogo cha Hapana. Hakuweka alama. Akaruka, akaenda swali la kumi na mbili, kwa woga tu, ili apate pumzi.

"Muulize, wafanyakazi wa benki walimhudumiaje."

"Anauliza, wale wa benki walikuhudumiaje?"

Safari hii mzee hakufikiri. Jibu lilikuja haraka, na lilikuwa na upole ambao Sekela hakuwahi kuusikia katika sauti hiyo.

"Mwambie vizuri. Yule dada wa dirishani alikuwa mwenye adabu sana. Aandike hivyo, wakubwa zake waone."

Ambokile aliacha kupima.

"Sasa baba," alisema, "kama hukufika, huyo dada ulimwonea wapi?"

Ng'ambo ya barabara lori lilikuwa linarudi nyuma. Sekela alingoja mzee aseme, ajitetee, neno moja tu lingetosha, alikuwa amelishika mkononi tayari. Mzee hakulisema. Alikuwa amejikwaa kwa kutaka kumsifia mkamwana wake, na sasa akaacha iwe kama itakavyokuwa.

"Mnaona?" Ambokile alisema, na safari hii hakucheka. Alisema kwa huzuni ya kweli, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Dakika moja hakufika, dakika ya pili amehudumiwa vizuri. Mama, mimi nilisema tumpeleke hospitali akaangaliwe kichwa. Mama Goodness, fomu hiyo usiijaze, utajiharibia kazi. Huyu hajui tena anachosema."

"Ni kweli," mzee alisema polepole, kumwambia mkewe. "Mwambie nimechanganya. Nimezeeka. Aandike hakufika."

Sekela aliweka fomu chini, kwenye majivu. Alisimama, akaugeukia ukuta, na paji la uso likakaribia kugusa matofali yenye masizi.

"Baba," alisema.

Mama mkwe aliinua mkono kumzuia, mkono ukabaki hewani. Neno hilo lilikuwa halijawahi kusikika katika ua huo kutoka kinywani humo. Ambokile alitazama jikoni kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyesema.

"Baba, ulifika. Ilikuwa Jumatano, siku ya nane. Ulikuwa na fomu yako, umeijaza kila kitu. Mimi ndiye niliyekuwa dirishani. Nilisikia umekohoa, nikakimbia, nikajificha stoo, nikaacha kiatu. Ukamwambia mlinzi aniletee. Ukaondoka ili nitoke. Sikumwambia mtu. Niliona haya kusema benki kwamba siwezi kumtazama mkwe wangu, maana niliwaambia nimesoma. Siku ya mwisho nikaandika hukufika. Kiwanja cha wifi Tumpe nilikipoteza mimi. Wewe hukusahau kitu. Miaka saba umesemwa nikiwa hapa jikoni nasikia, nikakaa kimya. Nisamehe, baba. Jumatatu nitamwambia Dokta lile neno niliandika mimi, na mengine mia na kumi na matatu sikumuuliza mtu sababu."

Alipomaliza hakuwa na pa kutazama. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye kona, anamtazama kwa muda mrefu, na uso wake haukuwa na hasira wala huruma, ulikuwa unahesabu nyuma.

"Miaka saba," mama mkwe alisema. "Mimi nimelala naye kitanda kimoja."

Sekela aliinamisha kichwa. Angepewa kofi angelishukuru. Alimjua mumewe vya kutosha kujua kwamba Ambokile wakati huo alikuwa anazisikiliza Krismasi zake zote, moja moja, na kila mzaha wake.

Kisha barazani mzee alikohoa, mara mbili, kama anavyokohoa akitaka kupita na kumpa mtu nafasi ya kujisitiri. Lakini hakuinuka. Alipozungumza hakuzungumza na Sekela. Alizungumza na mkewe, kama inavyopasa.

"Mwambie nimesikia."

Mama mkwe aligeukia jikoni. "Anasema amesikia," alimwambia Sekela, ingawa wote walikuwa wamesikia.

"Mwambie aandike kama ilivyokuwa. Mwambie na kile kiatu akiandike, maana huko kanuni zilikotoka hawajui kwamba watu wana wakwe."

Sekela aliokota fomu, akaipangusa majivu kwa kiganja. Kisanduku cha Ndiyo akakiwekea alama mara mbili. Chini yake, penye mistari mitatu ya maelezo, aliandika: Alifika. Afisa alimkimbia. Afisa ni mimi. Machozi yalidondoka kwenye karatasi ya Dokta Kalinga, na hakuyafuta.

"Ambokile," mzee aliita upande wa pili.

"Naam, baba."

"Lete ufunguo wa stoo."

Sekela alibaki na mgongo kwenye ukuta. Alisikia hatua za mumewe zikivuka ua, polepole, na chuma kikigusana na chuma wakati ufunguo ulipotoka kwenye mkanda. Hakumwona aliyeupokea. Alisikia tu kiti kikilia, na miguu ya mzee ikienda stoo, na kufuli likifunguliwa kwa mkupuo mmoja.